Mtu Aliyerudi Bila Jina Lake

Kando ya mji wa Torino, huko kaskazini mwa Italia, upo mji mdogo uitwao Collegno, na katika mji huo limesimama jengo kongwe lenye nyua pana na safu ndefu za matao, lililoanzishwa mwaka 1641 kwa amri ya Christine wa Ufaransa, aliyekuwa ameshika hatamu za dola ya Savoia, ili liwe makao ya watawa wa Kartusi. Watawa hao ni watu wa kimya na upweke: kila mmoja hukaa chumbani mwake, husali, hupalilia kijibustani chake, hula peke yake siku nyingi za juma, na afapo huzikwa chini ya msalaba usioandikwa jina. Katikati ya karne ya 19 jengo lile lilikuwa limekwisha toka mikononi mwao, likafanywa hospitali ya wendawazimu. Nami kila nisomapo habari zake huona ajabu kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu waliojivua majina yao kwa hiari ndiyo iliyokuja kumpokea mtu aliyedai kwamba lake limempotea.

Mtu huyo alikamatwa tarehe 10 Machi 1926 katika makaburi ya Mayahudi ya Torino, kwa kuiba chombo cha maua cha shaba, na alipofikishwa kwa polisi alikuwa katika fadhaa kuu, analia, hana cheti wala karatasi yoyote ya kumtambulisha. Akiulizwa jina hana. Akiulizwa mji hana. Akiulizwa kama anaye mke, hajui kama aliwahi kuoa. Mashtaka yahitaji jina la kushikia, na kwa kuwa jina halikupatikana alipelekwa Collegno, akaandikwa daftarini kwa namba 44170. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu, mpole wa maneno, na adabu yake ilikuwa adabu ya watu waliosoma, hata wakubwa wa hospitali wakamdhania kuwa bwana wa heshima aliyepatwa na msiba ambao ulimi wake haukuweza kuutaja.

Yapo maradhi ya kusahau yanayokomba kila kitu, na yapo yanayochagua. Mtu huweza kupotewa na harusi yake na nyuso za wanawe, naye bado akajua kufunga kamba za viatu, kunyoa ndevu, kushika kijiko na kusema lugha yake bila kukosea, kwa kuwa yale ambayo mikono na ulimi vimeyazoea hayawekwi katika hazina moja na yale yaliyotupata siku fulani, mahali fulani. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliwafunza madaktari wa Ulaya mambo hayo kwa wingi wasioutaka, maana askari walitoka mahandakini na viungo vyao vyote, bila alama ya jeraha, na hata hivyo mmoja hawezi kusema, mwingine hawezi kuona, mwingine hajui ametokea kijiji gani. Kwa hiyo, alipotokea Collegno mtu asiyejijua, zaidi ya miaka saba baada ya bunduki kunyamaza, fikira za watu zilikwenda moja kwa moja kwenye vita, na katika nyumba nyingi za Italia ambamo kiti cha baba kilikuwa bado kitupu, fikira hizo hazikuwa za udadisi tu.

Tarehe 6 Februari 1927, siku ya Jumapili, gazeti liitwalo La Domenica del Corriere lilitoa picha yake, pamoja na swali la kuwauliza wasomaji ni nani amjuaye. Picha ile ilifika Verona, mbele ya macho ya Giulia Canella.

Bibi huyu alikuwa binti wa tajiri wa Kiitalia mwenye mali huko Brazili, naye aliolewa na jamaa yake, Giulio Canella, mwalimu wa falsafa na mkuu wa chuo cha walimu mjini Verona, mtu wa dini na elimu, aliyeshirikiana na Padri Agostino Gemelli mwaka 1909 kuanzisha jarida la falsafa. Vita vilipokuja Canella alichukuliwa jeshini, akapelekwa Makedonia akiwa kapteni, na tarehe 25 Novemba 1916, katika mapigano karibu na mji wa Monastir, alitoweka. Hakuonekana miongoni mwa maiti, wala jina lake halikuonekana miongoni mwa mateka. Alimwacha mkewe na watoto wawili, wadogo mno hata wasiweze kuishika sura ya baba yao. Nyumbani mle, basi, kumbukumbu yote ya bwana yule ilikuwa imebaki katika kichwa cha mtu mmoja, naye ni Giulia, aliyeilea kwa miaka kumi na miezi mitatu kama mtu aleaye moto wa kuni chache.

Sisi watu wa mwambao tunalo jina la mtu wa namna hii, tuliloachiwa na fikihi: mafkudi, yaani yule aliyepotea habari zake, haijulikani yu hai au amekufa. Jahazi lililoondoka na kusi lisiporudi na kaskazi, wala kaskazi ya pili, mke aliyebaki alikaa kati ya heshima mbili, ya mke na ya mjane, asiipate hata moja iliyo kamili. Wanazuoni walihitilafiana juu yake: Imamu Malik alimpa miaka minne ya kungoja, kisha eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, kisha yu huru kuolewa, Imamu Shafi, katika kauli yake ya baadaye, alimtaka angoje hata yakini ipatikane. Na hawakuishia hapo, bali walikwenda mbele wakauliza ni nini hukumu iwapo yule wa kwanza atatokea mlangoni na hali mkewe amekwisha olewa na mwingine; nao hawakuliuliza swali hilo kwa ajili ya kunoa akili, bali kwa sababu bahari ilikuwa ikiwaletea kesi zenyewe.

Tena vita vile vile vilivyommeza Kapteni Canella vilipita na kwetu. Kariakoo ya Dar es Salaam imelipata jina lake kutoka kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililifinyanga likawa la mtaa na soko, na wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, aghalabu kwa maradhi na uchovu, bila ya kuandikwa mahali ambapo mke angeweza kwenda kuuliza. Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam. Ndio mwaka ule ule ambao Giulia alipanda gari la moshi kwenda Torino.

Alifika hospitalini tarehe 27 Februari. Madaktari walichelea kumkutanisha ghafula na mgonjwa, wakatunga hila: mgonjwa atatembezwa chini ya matao ya ua wa watawa, kama alivyozoea kutembea, naye bibi atapita pale na wenziwe kama mgeni aliyekuja kutazama majengo, wala asimsemeshe, wala asisimame. Ebu tumwone mwanamke huyo. Amengoja miaka kumi. Mume wake, kwa yakini yake, anakuja mbele yake hatua kwa hatua, kivuli cha nguzo kikimpitia usoni, kisha jua, kisha kivuli. Naye ameagizwa aangalie dari. Mara ya kwanza mtu yule alipita kama apitaye mgeni. Baadaye Giulia hakuweza tena kuyazuia machozi, na mgonjwa akaanza kuonyesha wasiwasi, kama mtu asikiaye sauti chumba cha pili asiweze kuitambua. Kukutana kulirudiwa, na mwisho wake watu wawili wale walikumbatiana wakilia. Tarehe 2 Machi namba 44170 alitoka Collegno, akaenda Verona pamoja na bibi yake, akaitwa Profesa Canella, akakuta nyumba, na vitabu, na watoto wawili walioambiwa kwamba huyu ndiye.

Furaha hiyo haikudumu juma moja kabla ya polisi wa Torino kupokea barua isiyo na jina la mwandishi, isemayo kwamba yule aliyechukuliwa Verona si profesa, bali ni Mario Bruneri, mpiga chapa wa Torino, aliyezaliwa mwaka 1886, mtu aliyekwisha hukumiwa kwa udanganyifu na ambaye bado alikuwa akitafutwa amalizie kifungo. Alirudishwa Torino. Wakaletwa mkewe Bruneri, Rosa Negro, na mwanawe wa kiume. Wote wawili wakasema ni yeye. Yeye akasema hawajui. Hapo zikatafutwa alama za vidole ambazo Bruneri aliziacha alipokuwa mahabusi miaka ya nyuma, zikalinganishwa na za mgonjwa, na wataalamu wakakuta kwamba ni za mkono mmoja.

Mtu wa leo atadhani kwamba kesi ilikwisha hapo. Kumbe ndipo ilipoanza, na ilichukua karibu miaka mitano, ikapanda kutoka mahakama hadi mahakama, na Italia nzima ikagawanyika makundi mawili, watu wa Canella na watu wa Bruneri, hata mezani pa chakula ndugu wakanuniana. Marafiki wa profesa waligawanyika vilevile: wako walioapa kwamba ndiye, wakitaja mwendo wake, macho yake, namna yake ya kuinamisha kichwa, na wako waliokana. Alfredo Coppola, daktari wa akili aliyempima kwa muda mrefu, alitoa rai kwamba mtu huyu hakuwa na elimu ambayo mwalimu wa falsafa angelikuwa nayo, na kwamba kusahau kwake kulikuwa kwa kuigiza.

Lakini tazama ugumu wa kumtia mtihanini mtu asemaye kwamba amesahau. Asipojua Kilatini, ni ugonjwa. Akikijua kidogo, ni dalili ya kupona. Akimkana Rosa, mtu aweza kusema kwamba ni mgonjwa, naye mgonjwa hamjui mtu. Akimkubali Giulia, mtu huyo huyo aweza kusema kwamba huba imempenya mahali ambapo dawa haikufika. Miaka mingi kabla ya hapo, katika kijiji cha Artigat kusini mwa Ufaransa, mambo yalikuwa kinyume. Mkulima Martin Guerre alimwacha mkewe, Bertrande, akatokomea; baada ya miaka kadhaa akaja mtu aliyejiita Martin, akapokewa, akaishi naye na kuzaa naye, na siku aliposhitakiwa mahakama ilistaajabia kumbukumbu yake, maana aliyajua mambo ya harusi, ya ukoo na ya mashamba bila kusita. Mwaka 1560, mbele ya mahakimu wa Toulouse, akaingia Martin wa kweli akitembea kwa mguu wa mti, naye alipoulizwa mambo hayo hayo alijibu kwa shida kuliko mwongo. Yule mwongo, Arnaud du Tilh, alinyongwa. Ushahidi niupendao mimi katika kesi ile ni wa fundi viatu, aliyesema kwamba mguu wa Martin ulikuwa wa kipimo cha 12 na wa huyu aliyekuja ni wa 9: fundi hakumwuliza mtu anakumbuka nini.

Mume wa kweli, basi, aliyakumbuka maisha yake vibaya kuliko mwizi wake. Nani kati yetu, akiwekwa kizimbani leo na kuulizwa juu ya siku ya harusi yake, nani aliketi wapi na mvua ilinyesha saa ngapi, hatajikuta akimtazama mkewe amsaidie? Sehemu kubwa ya ndoa yetu huwekwa amana kwa mwenzetu. Ndiyo sababu Collegno haikuweza kuwa kesi ya mtu mmoja aliyesahau. Ilikuwa kesi ya wanawake wawili waliokumbuka, na kila mmoja alikuwa na mtu mzima wa kumtia katika sura ile moja.

Ufaransa nayo ilikuwa na mtu wake katika miaka ile ile. Tarehe 1 Februari 1918, miongoni mwa mateka waliorudishwa kutoka Ujerumani, alionekana katika stesheni ya Brotteaux mjini Lyon askari asiye na karatasi wala kumbukumbu, ambaye alipobanwa kwa maswali alitamka sauti zilizoandikwa Anthelme Mangin, jina lisilokuwa la mtu yeyote aliyejulikana. Akawekwa katika hospitali ya wendawazimu ya Rodez. Ufaransa ilikuwa na askari wapatao 300,000 waliopotea bila maiti zao kutambuliwa, na serikali ilipoisambaza picha yake mamia ya familia yaliandika au yalikuja, wazazi na wake, kila mtu na hakika yake. Mwaka 1934 alichukuliwa mpaka karibu na kijiji cha Saint-Maur, katika wilaya ya Indre, akaachwa aende apendako, watu wakimfuata kwa mbali bila ya kumwelekeza. Akatembea. Aliutazama mnara wa kanisa akasema kwamba umebadilika, na kweli ulikuwa umebadilika, kwa kuwa ulikwisha pigwa na radi. Kisha akashika njia, akaenda hadi nyumba ya mzee Monjoin, ambaye mwanawe Octave alitekwa mwanzoni mwa vita. Miguu ilikuwa imehifadhi kile ambacho kichwa kilikitupa. Hata hivyo wadai wengine hawakukubali, kesi iliendelea, na ilipokwisha baba na ndugu walikuwa wamekwisha kufa, hakuna tena wa kumpeleka nyumbani. Akafa hospitalini Paris mwaka 1942, na mwaka 1948 mifupa yake ikazikwa Saint-Maur kwa jina la Octave Monjoin.

Nirudi Italia, ambako mahakama kuu ya rufaa ilitoa neno la mwisho tarehe 24 Desemba 1931, mkesha wa Krismasi: mtu wa Collegno ni Mario Bruneri. Kufikia siku hiyo mtu yule alikuwa amekwisha rudi kwa Giulia, naye Giulia alikuwa amekwisha zaa naye. Sheria ya Italia ya wakati huo haikuwa na mlango wa talaka, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1970; kwa hiyo mbele ya serikali mtu yule alikuwa mume wa Rosa, akiwa kitandani mwa Giulia, na watoto waliozaliwa Verona walikuwa watoto wa fedheha. Fikihi yetu, kwa mambo yote iwezayo kulaumiwa, ingalimwuliza kadhi kabla ya kumfikisha mwanamke mahali hapo. Bruneri alimaliza kifungo kilichokuwa kikimngoja, na alipotoka, mwaka 1933, Giulia aliwachukua wote, yeye na watoto, wakavuka bahari kwenda Brazili kwa baba yake, ambako jina la Canella halikuhitaji ruhusa ya hakimu wa Torino. Waliishi Rio de Janeiro. Watoto waliozaliwa baada ya Collegno walifika watatu. Mtu yule alikufa Desemba 1941, na Giulia aliishi miaka mingine zaidi ya thelathini na mitano, hata mwaka 1977, bila kurudi nyuma hata neno moja: ni mume wangu, nilimwona, nilimjua.

Waandishi walimpenda sana mwanamke huyu. Luigi Pirandello alitoa mchezo wa kuigiza mwaka 1930 ambao ulichukua mbegu yake katika kisa hiki, akambadilisha mwanamume akawa mwanamke. Leonardo Sciascia aliandika kitabu kizima juu ya kesi hiyo mwaka 1981. Na mwaka 1962 ilitoka filamu ya mchekeshaji Totò. Hata leo Mwitalia akitaka kumdhihaki mwenziwe anayejifanya kusahau deni, humwita msahaulifu wa Collegno. Mwaka 2014 wataalamu walilinganisha chembe za urithi za uzao wa kwanza wa Giulia na za uzao wake wa pili, wakakuta kwamba baba si mmoja. Vidole vya mwaka 1927 vilikuwa vimesema kweli.

Mimi sidhani kwamba Giulia alidanganyika kwa miaka ile yote. Mke hulala na mtu usiku mwingi, na giza halifichi mambo hayo. Nadhani ilifika siku, pengine mapema, pengine hata kabla ya watoto, ambapo alijua, akamtazama yule mpiga chapa akiwa amevaa koti la profesa na kukaa mezani kwa profesa, mpole, mwenye kumheshimu, akaona kwamba mfu aliyemlilia hatarudi na huyu amekwisha rudi. Lakini hiyo ni dhana yangu, na yeye hakuikiri kamwe.

Anayenikaa moyoni zaidi ni Rosa Negro, ambaye vitabu humtaja kwa mistari michache, maana hakuwa na baba tajiri Brazili wala mawakili wa kuisisimua Italia. Mumewe alikuwa mhuni aliyemkimbia kwa ajili ya mwanamke mwingine, na bado alipoitwa alikwenda, akamshika mwanawe mkono, akasimama mbele ya mtu aliyezaa naye. Mahakama zilimpa ushindi: vidole vilikuwa vya mumewe, jina lilikuwa la mumewe, ndoa ilikuwa yake. Siku ile ya kukabiliana, katika ofisi ya polisi, kijana alimtambua baba yake. Na baba, mwenye kumbukumbu au asiye nayo, aligeuza uso akawaambia askari kwamba bibi huyu na mtoto huyu hajapata kuwaona.